Jazi ya Ijumaa hapa Malindi: usifike mapema

Nimehesabu juzi, msimu huu nimeenda Ijumaa kumi na moja, kwa hivyo asije mtu akaniambia nimeonja mara moja nikakimbilia kuandika. Jina la pahali silitaji manake bado nataka kurudi na meneja wa pale ana kinyongo. Nitasema tu ni mkahawa wa makuti upande wa baharini, na hilo halimsaidii mtu kitu kwa sababu Malindi nusu ya mji ni mikahawa ya makuti upande wa baharini. Wenyeji mshajua. Mgeni muulize dereva yeyote wa tuktuk, mwambie nipeleke pale wanapopiga saksafoni.

Na ni jazi gani hiyo, maana siku ya kwanza nilipomwambia baba naenda kusikiza jazi aliniuliza ni bendi gani, Morogoro ama Tabora. Kwake yeye na rika lake jazi ni magitaa, tarumbeta na Mbaraka Mwinshehe, na wala hakukosea, zamani kila bendi ilijiita Jazz kutoka Dar es Salaam mpaka kule ziwa Victoria na nyingi zilikuwa zinapiga dansi, ilikuwa ni kama kusema sisi ni bendi ya kisasa. Mbaraka mwenyewe alifia huku huku pwani, ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, na ukimgusia baba habari hiyo weka chai kabisa maana hutoki leo. Hii ninayoifuata mimi ni ile nyingine ya Kimarekani, saksafoni, kinanda, besi na drams, wanaupiga wimbo mara moja vile unavyojulikana halafu kila mtu anapewa zamu yake auvunjevunje anavyotaka huku wenzake wakimshikia ule msingi usianguke, mwisho wanarudi wote pale walipoanzia. Mtu aliyekulia taarabu nusu ya kazi ashaifanya, si ndio ile taksimu ya udi kabla waimbaji hawajafungua mdomo, mtu anatembea peke yake na nyinyi mnasema allah allah. Mimi nimezaliwa Lamu, Langoni, taksimu nimezisikia kwenye kaseti za mpiga udi wetu Zein l'Abdin kabla sijajua kusoma, kwa hivyo hizi solo hazikunitisha.

Haya sasa, pahali. Bango linasema saa mbili usiku. Saa mbili utakuta mpiga drams yuko kwenye ngazi anafunga waya na weita anakuambia karibu madam, bendi inaanza sa hizi. Sa hizi maana yake saa tatu kasoro. Kiingilio ni 500, Desemba na Januari kinapanda kinakuwa 1,000 bila aibu yoyote, na usishangae ukikuta tena laini ya "burudani" kwenye bili yako, mimi nilitozwa mara mbili Ijumaa moja, nimelipa mlangoni kwa M-Pesa na meseji ninayo, meneja akaangalia simu yangu kama naonyesha cheti bandia akasema ni sistimu. Pesa nilirudishiwa wiki tatu baadaye kwa njia ya juisi.

Juisi yenyewe, kwa haki ya Mungu, ni nzuri. Ukwaju wao ni ukwaju kweli umekamuliwa si ule wa pakiti, 350, ghali lakini glasi ni ndefu na nikiwa na buibui langu pembeni nakaa na glasi moja usiku mzima hakuna anayenisumbua. Hilo nawapa alama. Dada zangu wanaouliza kama unaweza kwenda pahali panapouzwa pombe ukakaa kwa heshima zako, mi nakaa meza ya pembeni karibu na mlango wa jikoni, mbali na baa, na weita wa upande huo wananijua kwa ukwaju. Pizza haina mjadala, Wataliano wamekaa mji huu miaka mingi mpaka muuza viazi karai anakuambia ciao, pahali pabaya pa pizza Malindi hapaishi miezi sita. Samaki achana naye, nenda kale mbele ya mashua kwa bei ya watu.

Sasa muziki. Nyumba ya kwanza, yani ile seti ya kutoka saa tatu mpaka saa nne, usiilipie kiingilio. Narudia, usilipe. Si kosa la bendi. Watu wanakula, bendi imeambiwa ipige kwa chini, na meneja anasimama karibu na mtungi mkubwa wa maua akipungia mkono wake chini chini kama mtu anayetuliza punda kila saksafoni ikipanda kidogo. Halafu kuna blenda ya baa. Sijui nani alifanya hesabu ya kuiweka blenda futi sita kutoka kwa spika ya besi, lakini nimeangalia, nyimbo tatu kwa tano, besi ikipewa zamu yake, kila mtu kanyamaza, drams zimebaki na brashi tu zinafagia, yule kijana anainamisha kichwa anaanza kutafuta noti yake ya kwanza, grrrrrrrrr, mtu kaagiza embe. Na birthday. Kila Ijumaa lazima kuna mtu kazaliwa. Keki inatoka jikoni na fataki imewashwa, bendi inakatishwa katikati ya solo ipige ile ya hepi bathdei, na wanapiga, maskini, tena na saksafoni anaiwekea madoido kidogo ili asife moyo.

Sauti pia ina walakini. Kile chombo cha saundi kina waya mbovu, spika inanguruma mfululizo, mmmmm, kama friji ya zamani. Mpiga besi alinieleza akicheka kwamba hiyo ni sauti ya stima yenyewe, stima yetu inazunguka mara 50 kwa sekunde na hiyo ukiifanya sauti inakaa karibu kabisa na noti ya G ya chini, ndio maana nyimbo za G anazipenda sana usiku ule, spika inamsaidia kazi. Nyimbo za A flat, noti ya jirani yake, zinamtesa. Basi tangu aniambie siwezi kutoisikia, nakaa pale nahesabu nyimbo za G kama mwenda wazimu.

Kinanda nacho kina kidude kimoja kimekufa, kile cha juu kulia, kijana anakiruka kama shimo la barabarani. Si uzembe wa mtu, ni bahari. Chumvi ya hapa inakula kila kitu, nyuzi za besi zinashika kutu, vile vifuniko vya ngozi vya saksafoni vinavimba msimu wa unyevu vinakataa kuziba sawasawa na upepo unavuja, na yule wa drams nilimkuta siku moja alasiri nyuma ya jikoni amekaa kwenye kreti anasugua matoazi yake kwa ndimu na majivu, vile vile mamangu anavyosugua sinia za shaba siku mbili kabla ya Idi. Nikamwambia wewe mama yako ni wa wapi? Akasema wa Faza. Nikasema nilijua.

Nije kwa kilichonifanya niandike.

Saa nne na nusu watalii wanarudi hotelini kwao, wale wa birthday wamebeba keki yao, blenda inazimwa, meneja anaingia ofisini kuhesabu pesa, na hapo ndio bendi inaanza kazi. Hawatangazi. Mpiga drams anaziweka brashi chini anachukua vijiti, basi. Weita wanakusanya viti lakini wanakusanya polepole. Tunabaki labda watu kumi na tano, nusu yetu wafanyakazi, na saksafoni na drams wanaanza kujibizana, huyu vipimo vinne na yule vipimo vinne, bila kupoteana, kama washairi wawili wa Lamu waliowekeana fumbo, kila mmoja analichukua neno la mwisho la mwenzake analigeuza. Seti moja ya hivo ni thamani ya kiingilio na ile bili ya burudani juu.

Ijumaa moja ya Februari kulikuwa na mzee amekuja na udi. Ni mtu wa kwetu Lamu, alikuja Malindi harusini, mpiga besi ni kama mpwa wake sijui kwa upande gani, akamleta. Mzee ana kofia yake na kikoi, kakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya drams, hakutaka maiki, akalazimishwa maiki. Akaanza polepole, rasti, ile ngazi ya noti ya Kiarabu. Sasa mnaojua rasti mnajua pale pa tatu, ile noti haiko kwenye kinanda chochote cha kununua dukani, imekaa katikati, ukibonya kidude cheusi ni chini mno, ukibonya cheupe ni juu mno. Kijana wa kinanda aliingia na kodi zake alizozoea, yani zile noti zinazobonywa pamoja, kubwa, nzuri, zimejaa, na ikawa kama mtu amevaa kiatu cha mguu mmoja. Kila mzee akigusa ile tatu yake, kinanda kinamkatalia. Mzee hakumwangalia hata. Akarudia tu pale pale, mara ya pili, mara ya tatu, taratibu, kama anamfundisha mtoto kusema shikamoo.

Na hapa ndio nilipomheshimu yule kijana. Nilikuwa karibu, nilimuona mkono. Akakiinua kidole cha katikati. Akaiacha ile noti. Akabaki na ya kwanza na ya tano tu, kushoto na kulia, katikati peupe, kama mtu amesogea kwenye kochi ili mgeni akae. Mzee akakaa. Wallahi nywele zilinisimama ndani ya mtandio. Saksafoni akajaribu naye, mara ya kwanza akaikosa, yuko juu, akalegeza mdomo kidogo akaishusha, akaipata, na mzee ndio sasa akageuka akamtazama, akatikisa kichwa mara moja. Saksafoni ina tete kama zumari ya kwetu, inajua kupinda, kinanda ndio hakijui.

Halafu yule wa drams, mama yake wa Faza, akaanza kuisukuma kwenye mapigo ya sita. Kidogo kidogo, kwanza kwa mguu, halafu ukingo wa ngoma ndogo, ta-ka ta ta-ka ta, na mtu yeyote wa pwani anajua hiyo ni nini. Mlango wa jikoni ukafunguliwa, dada mmoja akatoka na leso keshaifunga kiunoni, aproni iko juu yake bado, na sahani ziko mkononi, akazipeleka mpaka meza ya mwisho kwa chakacha. Hakumwaga kitu. Meneja akatoka ofisini kuangalia kelele ni za nini akasimama pale, na kwa mara ya kwanza mkono wake ulikaa mfukoni.

Hiyo haikurudiwa. Mzee alipanda basi Jumapili. Nimewaambia waalikeni tena, mpiga besi akasema nauli nani atalipa, na hapa kuna jambo linaloniuma. Bendi haipati hata shilingi ya kiingilio. Wanalipwa pesa ya usiku, ile ile, iwe pamejaa mpaka kwenye mchanga ama kuna paka watatu, na chakula chao ni wali maharagwe nyuma, si ile pizza. Kwa hivyo ukiambiwa 1,000 ni ya kusaidia wanamuziki wa pwani, cheka. Ukitaka kuwasaidia mpe mtu mkononi wakati wa kufunga vyombo, mimi huwa nafanya hivo na hakuna aliyenikatalia.

Muda wa mapumziko pia usikae unachezea simu, nenda kaongee nao, wana maneno. Kijana wa kinanda ndiye aliyeniambia kwamba mwanzo wa miaka ya 70 kulikuwa na bendi ya Herbie Hancock kule Marekani, watu weusi wale walikuwa wanatafuta asili yao wakajipa majina ya Kiswahili kila mtu. Herbie mwenyewe akajiita Mwandishi na bendi ikaitwa hivo. Wa besi ni Mchezaji, wa drams Jabali, wa tarumbeta Mganga. Nikadhani ananitania. Nikaenda kutafuta, ni kweli, na huyo Mganga, Eddie Henderson, ni daktari kweli kweli wa kusomea, alikuwa anatibu na anapuliza. Mpaka hapo sawa. Sasa wa tromboni akaitwa Pepo Mtoto. Nilicheka nikamwagia ukwaju mezani. Hayo majina yangepitia kwa bibi yangu kwanza, hilo la pepo lisingetoka nyumbani, hata angeambiwa wanamaanisha roho, angemuita mtu wa kumsomea.

Huyo huyo Hancock ndiye aliyeisukuma ile Siku ya Jazi ya Kimataifa, UNESCO wakaipitisha 2011, tarehe 30 Aprili. Vizuri sana kwa wenye Aprili yao. Huku kwetu tarehe hiyo ni masika imeshika, hoteli nusu zimefunga, makuti yanavuja, na bendi imetawanyika. Hiki ni kitu mtu wa kufuata jazi ya pwani lazima akijue, hapa kalenda ni ya upepo. Kaskazi ikivuma, Desemba mpaka Machi, kuna shoo mpaka unachagua. Ijumaa hapa, Jumamosi Watamu, Jumapili mchana Kilifi, na ni watu wale wale, drams zile zile ziko nyuma ya probox. Kusi ikiingia wanarudi kwenye maisha ya kawaida, kupigia watalii wachache ule wimbo wa kumsalimia bwana, ule wa Them Mushrooms wa 1982, mara nne kwa usiku, na mtu anayejua kupiga hivi akapiga ule mara nne kwa usiku anahitaji dua. Ramadhani mimi siendi, na mwaka huu naona hata wao walipunguza.

Kujua shoo iko ama haiko, usiamini bango. Bango la Novemba lilikuwa bado limebandikwa Februari. Amini status ya mpiga besi, anaweka saa kumi jioni siku ile ile, asipoweka baki nyumbani. Wenzangu wa Lamu mnaoniuliza kama inafaa kuja, sijui niwaambieje, boti mpaka Mokowe, basi la Witu na Garsen, nusu siku imekwisha na kiuno kimekufa, kwa muziki wa saa moja na nusu. Kama una harusi ama kesi mahakamani huku, panga iangukie Ijumaa. Lamu yenyewe nimeisikia jazi ya hivi mara mbili tu, zote Shela, zote Desemba, na zote ilikuwa nyumba ya kwanza tupu, yani ile ya mkono chini chini, hakuna nyumba ya pili kwa sababu wageni walikuwa wanalala.

Alama basi. Bendi sina la kuwaambia. Jikoni nne kwa tano. Saundi moja, na hiyo moja nampa fundi kwa kuwa mpole. Meneja namuachia Mungu.

Ila kuna siri ambayo kakangu amenikataza kuitoa na naitoa. Kakangu anaendesha tuktuk, ananipeleka na kunisubiri pale nje kwenye mwembe, na siku zote nilikuwa namuonea huruma. Wiki mbili zilizopita nilitoka mapema, kichwa kiliniuma, nikamkuta ameegesha makalio ya tuktuk yaelekee ukuta wa mkahawa, kiti amekilaza, kahawa kwenye kikombe cha chupa, anasikiza. Nikakaa. Ukuta unazuia ile ngurumo ya spika. Blenda huisikii. Sahani huzisikii. Saksafoni inapita juu ya makuti inakuja safi mpaka unasikia akivuta pumzi, drams zinakuja kavu, na upepo wa bahari unazipeleka na kuzirudisha. Nikamuuliza tangu lini unajua hivi. Akasema, "Dada, mimi tangu Novemba. Wewe ndio ulikuwa unalipa."

Ijumaa ijayo ni ya mwisho kabla hawajafunga kwa mvua. Nyumba ya kwanza nitakuwa nje pale chini ya mwembe na chupa ya kahawa. Saa nne na nusu nitaingia nilipe, kwa sababu mkono wa yule kijana wa kinanda hauonekani ukiwa barabarani. Tuktuk ni la buluu, nafasi ya nyuma ni ya watu wawili, na mmoja wao ni mimi.